Mila Hii Imetoka Wapi? Mbinu za Kufuatilia Asili ya Sherehe na Ngano za Kwenu

Ukikaa Maramba mwaka mmoja tu utaona sherehe za kukujaza maswali. Maulidi inasomwa mpaka usiku mkubwa. Wari wanatolewa nje kwa ngoma. Chini ya mti fulani mkongwe watu wamepeleka ubani na kitambaa cheupe, na hakuna anayethubutu kukata tawi lake. Uliza ilikoanzia, utajibiwa upesi. Uliza nyumba ya pili, utapata jibu jingine, nalo litasemwa kwa uhakika uleule.

Usikate tamaa, wala usichukue jibu lililokupendeza ukaondoka nalo. Kazi hii ina njia zake, na mtu mwenye simu, daftari na subira anaiweza.

Shika jambo moja tangu mwanzo: tendo na maelezo ya tendo havina umri mmoja. Watu wanaweza kuoga baharini alfajiri ya siku fulani kwa karne nyingi, huku sababu ya kuoga ikibadilika kila baada ya vizazi viwili. Ukikimbilia sababu, utaondoka na hadithi ya juzi ukidhani ni ya kale. Kwa hiyo anza na tendo. Sababu zitakuja zenyewe, na utazipima.

Chagua mila moja

"Utamaduni wa Wadigo" ni kazi ya maisha mazima. Wewe chukua tambiko la mvua la mtaa mmoja, au wimbo mmoja wa kumtoa mwari, au ngano moja ya Sungura. Ukishindwa kuitaja kwa sentensi moja, ipunguze.

Kisha ijue ardhi unayosimama juu yake. Maramba iko Mkinga, wilaya iliyomegwa kutoka Muheza, chini ya milima ya Usambara Mashariki. Ukishuka kuelekea baharini uko kwa Wadigo na Wasegeju. Ukipanda uko kwa Wasambaa. Ukikata kuelekea Muheza unaingia kwa Wabondei. Hapo bado hujahesabu waliokuja na mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alileta Tanga miche ya mkonge, na iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62. Kutokana na hiyo yakaja mashamba makubwa, na mashamba yakaita manamba kutoka kila pembe ya nchi na nje yake. Watu hao walikuja na ngoma zao, nyimbo zao na mizimu yao. Baadaye kambi ya JKT ikaleta vijana wa kila kabila.

Ndiyo maana swali lako la kwanza hapa liwe: ililetwa na nani? Ngoma inayochezwa Maramba inaweza kuwa imeshuka mlimani, imepanda kutoka Moa, au imeshuka kwenye lori la manamba. Zote ni za Maramba sasa. Njia tu ndizo tofauti.

Uliza mikono ilifanya nini

Swali baya kuliko yote ni "Bibi, asili ya mila hii ni nini?" Swali hilo linamlazimisha mzee atoe hotuba. Atakupa maneno ya jumla, au yale aliyosikia redioni, kwa sababu ndiyo anayodhani unayataka.

Uliza hivi: "Bibi, ulipokuwa msichana, asubuhi ya siku hiyo nani aliamka wa kwanza? Alitoka kwa mlango upi? Moto uliwashwa wapi, na kuni gani hazikuruhusiwa? Nani aliyeonja kwanza? Nani aliyefukuzwa asitazame?" Hapo bibi ataacha kuhutubu, ataanza kukumbuka. Mikono yake yenyewe itaanza kuonesha namna unga ulivyochanganywa na maji na kunyunyizwa. Piga picha ya mikono hiyo, akikubali.

Uliza kilicholiwa, na kilichokatazwa kuliwa. Katazo hudumu kuliko sherehe. Mara nyingi utakuta ngoma imekufa, mavazi yamebadilika, lakini ukoo mzima bado hauli nyama fulani na wala hauwezi kueleza kwa nini. Hapo umegusa sehemu ya zamani.

Uliza majina ya kazi. Nani ni ngariba, nani kungwi, nani manju, nani mwenye haki ya kutaja majina ya marehemu kwenye tambiko. Kazi ikirithiwa ndani ya ukoo mmoja, nenda kwa ukoo huo. Utaokoa wiki nzima ya kuzunguka.

Hesabu ngoma zenyewe. Chapuo ngapi, msondo upo au haupo, nani anapiga vumi, zumari inaingia wakati gani. Uliza ngozi ni ya mnyama gani na mti ni upi. Mpigaji atakueleza kwa furaha mambo ambayo mzee wa baraza hayajui, kama vile fundi aliyemfunza na kijiji alikotoka fundi huyo.

Kuhusu simu. Iweke kwenye hali ya ndegeni kabla ya kurekodi, maana mtu akipiga, baadhi ya simu hukata rekodi. Iweke karibu na msimuliaji, juu ya kitambaa, si juu ya meza inayogongwa vikombe. Usirekodi chini ya bati mvua ikinyesha, hutasikia kitu. Sauti ya kwanza kwenye rekodi iwe yako ukitaja tarehe na mahali, na ya pili iwe ya msimuliaji akisema amekubali. Sikiliza usiku huohuo na uandike maneno usiyoyafahamu, kesho uyaulize. Ukiacha mwezi mmoja, hutakumbuka hata alikuwa anaelekeza kidole wapi aliposema "kule".

Kila simulizi lipe mistari minne daftarini: nani anasimulia na ana umri gani, alizaliwa wapi, alisikia kwa nani, aliliona mwenyewe au alihadithiwa. Mfano: "Bibi wa takriban miaka 75, mzaliwa wa Daluni, aliolewa Maramba. Tambiko aliliona mara mbili akiwa mtoto. Habari ya chanzo chake alihadithiwa na shangazi wa baba." Mistari hiyo minne ndiyo itakayokuokoa siku masimulizi matatu yatakapogongana.

Adabu ni sehemu ya mbinu. Piga hodi, toa shikamoo, keti ulipooneshwa. Nenda na mtu wa nyumba hiyo au jirani anayeaminika. Kilo ya sukari na majani ya chai hayajawahi kuharibu mazungumzo. Nenda baada ya Alasiri, kazi za shamba zimekwisha na jua limepoa. Na mzee akinyamaza, nawe nyamaza. Anatafuta.

Pata tarehe bila kuuliza mwaka

Wazee wengi hawakai na tarehe, wanakaa na matukio. Yatumie. "Hii ilikuwa kabla ya Uhuru au baada?" "Kabla hatujahamishiwa vijiji vya Ujamaa?" "Wakati wa vita vya Kagera ulikuwa na watoto wangapi?" "Mvua za El Nino zilikuta bado mnacheza?" Kwa Uhuru una 1961, kwa operesheni ya vijiji una miaka ya katikati ya 1970, kwa Kagera una 1978 na 1979, kwa El Nino una 1997 na 1998. Kwa mambo ya wazazi wao, uliza kuhusu vita vya Tanga vya Novemba 1914, Waingereza waliposhuka pwani wakakutana na Wajerumani, askari, na makundi ya nyuki. Familia nyingi za mkoa huu zina mtu "aliyezaliwa karibu na vita hivyo".

Operesheni ya vijiji iulizie kwa makini. Watu walihama, mizimu haikuhama. Sehemu za kutambikia zilibaki kwenye mahame, na baadhi ya matambiko yalifupishwa, yakahamishiwa mti mwingine au yakaachwa kabisa. Tambiko linaloonekana la kale sana penye mti wa sasa linaweza kuwa na miaka hamsini tu mahali hapo. Uliza: "Mlipokuwa kule kwa zamani, mlifanyia wapi?" Kisha, ukiweza, nenda ukapaone.

Itazame kalenda

Mbinu hii ninaipenda kuliko zote, kwa sababu inakupa jibu hata kama hakuna mzee aliyebaki. Fuatilia tu sherehe inaangukia lini mwaka hadi mwaka.

Ikirudi nyuma kwa siku 10 au 11 kila mwaka, inafuata mwezi. Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355. Maulidi na Idi ziko hapa, pamoja na desturi zote zilizojishikiza kwazo, hata zile ambazo zenyewe hazina uhusiano na dini.

Ikikaa palepale kwenye majira, masika yakikaribia au mavuno yakiingia, inafuata shamba. Matambiko ya mvua, kufungua mavuno na kulisha wazee mazao mapya ni ya hapa. Haya mara nyingi ndiyo yaliyofungamana zaidi na ardhi ya mahali.

Ikirudi nyuma kwa siku moja tu kila miaka 4, umekamata kitu adimu: mwaka wa jua wa mabaharia, wenye siku 365 kamili na hauna siku ya nyongeza. Ndio mwaka wa Nairuzi, unaohesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi. Mabaharia waliutumia kujua wakati wa kusi na kaskazi, na wakulima kujua wakati wa kupanda. Siku yake ya kwanza ndiyo Siku ya Mwaka, na siku inayoitangulia huitwa Kibunzi.

Makunduchi, Unguja, siku hiyo ndiyo Mwaka Kogwa, na siku hizi huangukia Julai. Wanaume wa pande mbili hupigana kwa vigogo vya migomba, kibanda cha makuti huchomwa moto, wanawake hupita wakiimba wamependeza, na mgeni yeyote hukaribishwa kula. Nairuzi ya Iran huangukia Machi. Tofauti hiyo huwachanganya watu, nayo ina maelezo rahisi: Wairani waliifunga sikukuu yao kwenye majira, pwani yetu ikaendelea na 365 zake. Siku 1 kila miaka 4 ni siku 25 kwa karne. Rudi nyuma miaka 100 na Siku ya Mwaka iko Agosti. Hesabu kidogo tu, na tayari umeunganisha kijiji cha Unguja na kalenda ya Uajemi ya kale.

Lakini angalia: hesabu ndiyo iliyotoka Uajemi. Kuchoma kibanda, vigogo vya migomba na nyimbo za wanawake ni habari nyingine, na kila kimoja kinadai uchunguzi wake. Ukisoma mahali kwamba "Mwaka Kogwa ni sherehe ya Kiajemi", jua mwandishi ameacha kazi katikati.

Vitu vinasema umri wake

Andika kila kitu kinachotumika, kisha uliza kila kimoja kilifika lini Afrika Mashariki.

Mahindi na mihogo ni mazao ya Amerika. Hayakuwapo pwani hii kabla ya Wareno. Tambiko likitaka unga wa mahindi, basi kwa sura hiyo haliwezi kuwa la kale kuliko hapo. Uliza: "Zamani mlitumia unga gani?" Ukijibiwa mtama au ulezi, mila inaweza kurudi nyuma sana, na unga umebadilishwa tu.

Kanga ilianza kuenea nusu ya pili ya karne ya 19. Sherehe inayodai kanga ya rangi maalumu "tangu enzi na enzi" imepata sharti hilo baada ya hapo. Kabla yake kulikuwa na kaniki na vitambaa vingine, na kabla yake tena magome na ngozi. Uliza kuhusu nguo ya bibi yake bibi.

Usione mila iliyobadilisha vifaa kuwa ya uongo. Iliyobadilika ndiyo iliyotumika. Unachotafuta ni kiungo kipi kiliingia lini.

Wataalamu wa mambo ya kale hufanya hivyohivyo. Nenda Tongoni, kusini kidogo ya jiji la Tanga, ukaone magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo. Baadhi ya makaburi yalipambwa kwa vyombo vya kigeni, na bakuli la China linaweza kutajwa umri wake kwa aina ya udongo na rangi. Watu bado huenda Tongoni kuomba na kuweka nadhiri. Kaburi la kale na nadhiri ya leo viko mahali pamoja, na wewe sasa unajua usivipe umri mmoja.

Mila nyingine ni mpya kuliko zinavyoonekana, nazo ni tamu kuzifuatilia. Ngoma ya beni ilizuka pwani mwishoni mwa karne ya 19, watu wakiiga bendi za kijeshi za wakoloni: sare, vyeo, gwaride na zote. Vyama vya Marini na Arinoti vikashindana mji hadi mji, na vita vya kwanza vya dunia vikaisambaza mpaka bara. Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima mwaka 1975. Ukikuta ngoma yenye "kingi", "jenerali" au "daktari", fikiria beni kwanza kabla ya kufikiria mababu wa kale.

Masimulizi matatu, chini ya hapo hapana

Simulizi moja ni habari. Mawili ni ubishi. Ukiwa na matatu ndipo unapoanza kuona.

Chukua habari ya Mbegha, mwanzilishi wa utawala wa Wakilindi Usambara. Wasambaa wanaisimulia kwa namna nyingi. Yapo mambo yanayorudi karibu kila mara: alikuwa kigego, meno ya juu yalimtangulia kuota, ndugu zake wa Nguu wakamkataa, akawa mwindaji wa nguruwe mwitu, akawapa watu nyama nao wakampa chakula cha shamba, akaua simba, akafanywa mfalme Vugha. Mengine hubadilika kwa kutegemea msimuliaji ni wa ukoo gani na anaishi kijiji gani. Chora safu mbili daftarini: upande huu yanayorudi, upande ule yanayobadilika. Yanayorudi yana uwezekano wa kuwa ya zamani. Yanayobadilika yanakuambia nani ana maslahi gani leo, nayo ni elimu. Usiyafute.

Mwaka 1974 Steven Feierman alichapisha historia ya ufalme wa Wasambaa kwa kuyapanga masimulizi hayo pembeni ya nyaraka. Muda mrefu kabla yake Abdallah bin Hemedi alikuwa ameandika Habari za Wakilindi kwa Kiswahili. Vyote viwili vinafaa kusomwa, lakini mwandishi wa pili aliwajua watawala kwa kuwatumikia, na jicho lake ni la barazani kwao. Mkulima wa bonde la pili angesimulia vingine. Kila kitabu kipe ile mistari minne unayompa bibi wa Daluni.

Maandishi yana faida moja kubwa: yana tarehe. Angalia lini hadithi inaonekana kwa mara ya kwanza kwenye karatasi. Wadigo na wenzao wa Mijikenda husimulia kwamba walitoka Shungwaya, kaskazini. Mwaka 1972 mwanahistoria Morton alidai simulizi hilo lilijengeka mwishoni mwa karne ya 19. Thomas Spear, kwenye kitabu chake cha 1978 kuhusu Kaya, makazi ya kale ya Mijikenda, aliyachukua masimulizi hayo kuwa msingi wa historia. Wote wawili walisoma kwa bidii. Ukisikia Shungwaya kwa mzee wa Kidigo wa Duga, uliza kama alisikia kwa babu yake au alifundishwa shuleni. Siku hizi vitabu vimerudi vijijini na kuingia vinywani.

Lugha nayo ni shahidi, na huyu hana upande. Wasegeju wa pwani wanasema lugha iliyo karibu sana na Kidigo. Lakini Daluni na Bwiti, kilomita chache tu kutoka Maramba, wako Wadaiso, wanaohesabiwa ndugu zao, ambao lugha yao wataalamu huiweka kundi moja na Kikamba na Kikikuyu. Kwa hiyo wazee wa Kisegeju wanaposema wazee wao walitoka kaskazini, huhitaji kuwaamini kwa maneno yao tu. Rekodi nyimbo za huko kwa maneno yake yote, hata usiyoyaelewa. Usiyasahihishe yawe Kiswahili. Neno lililopotea kwenye mazungumzo huwa limejificha kwenye wimbo.

Ngano zina njia yake

Kwa ngano, acha majina ya wanyama, fuata matukio. Andika kisa kwa sentensi nne: nani anataka nini, anadanganyaje, anabambwaje, anatokaje. Hizo sentensi nne ndizo zinazosafiri. Fisi hugeuka mbweha, papa hugeuka mamba, na kisa ni kilekile.

Askofu Edward Steere alichapisha mwaka 1870 hadithi alizozisikia Unguja, na mojawapo ni ya punda wa dobi, ambamo kima anamponyoka papa anayetaka moyo wake kwa kumwambia ameuacha nyumbani. Kisa hicho kimo kwenye Panchatantra ya India, na kilipita kwa Waarabu kupitia Kalila wa Dimna katika karne ya 8. Kilifika kwetu kwa jahazi. Abunuwasi naye alikuwa mtu kweli, mshairi wa Baghdad aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 9. Sungura alikwenda upande wa pili: ukisoma ngano za watu weusi wa Marekani utamkuta kule, mjanja vilevile, amevuka bahari na watumwa.

Kwa visa vya mahali, pima kinachopimika. Watu husema mapango ya Amboni hutokea Mombasa au Kilimanjaro. Wapimaji wa Kijerumani na Kituruki waliyapima mwaka 1994, na pango refu kuliko yote lilikuwa takriban mita 900. Habari ya njia ya kwenda Mombasa haikufa kwa hilo, nawe usiitupe. Andika vyote viwili. Ongeza na Osale Otango, anayesimuliwa kujificha mapangoni humo miaka ya 1950, wakati wa Mau Mau. Mtu anayesakwa, akionekana huku leo na kule kesho, ni sababu nzuri ya watu kuamini pango linatokea mbali.

Na usidharau simulizi mapema. Habari ya Washirazi waliokuja kwa majahazi saba, kwa miaka mingi wasomi wengi waliiona ni ya kujitafutia hadhi. Machi 2023 jarida la Nature likachapisha utafiti wa vinasaba vya mifupa kutoka makaburi ya kale ya pwani, yakiwamo ya Mtwapa, Manda, Kilwa na Songo Mnara. Ukaonesha damu ya Kiafrika, hasa kwa upande wa kina mama, ikichanganyika na ya wanaume wa Kiajemi tangu karibu mwaka 1000. Majahazi saba yabaki kwenye hadithi. Kiini kimekutwa.

Pa kutafuta maandishi

Anza na Boma la kale jijini Tanga, kwenye makumbusho ya Urithi, kisha Maktaba ya Mkoa. Ulizia Tanganyika Notes and Records, jarida lililoanza 1936. Humo mna makala ya E. C. Baker ya 1949 kuhusu historia ya Wasegeju na ya John Gray ya 1955 kuhusu Nairuzi. Ukifika Dar es Salaam, Nyaraka za Taifa zina vitabu vya wilaya vya enzi ya Mwingereza. Na tafuta Desturi za Wasuaheli cha Mtoro bin Mwinyi Bakari, kilichochapishwa 1903. Mtoro anaandika habari za Bagamoyo na Mrima. Kitumie kulinganisha, usikitumie kuwaambia watu wa Maramba kwamba wanakosea.

Mambo ya kuyaacha

Ya kumbini na ya unyago yana wenyewe. Kama wewe ni mwanamume, ya unyago mwachie dada yako ayaulize, na yale ambayo kungwi amesema hayatoki, yasitoke. Andika tu kwamba yapo na hayasemwi. Huo nao ni ukweli kuhusu mila.

Usiwe mwamuzi wa dini. Shehe atakuambia tambiko ni shirki, padri atakuambia lake, na mwenye tambiko atakaa kimya. Kazi yako ni kuandika nani alisema nini. Ukionekana umechukua upande, milango ya upande wa pili inafungwa siku hiyohiyo.

Usirushe video ya tambiko mtandaoni kwa sababu tu uliruhusiwa kurekodi. Ruhusa ya kurekodi na ruhusa ya kutangaza ni mbili. Omba kila moja peke yake.

Ukimaliza, rudi. Wasomee waliokusimulia ulichoandika, kwa sauti, na uwaache wakatize. Marekebisho mazuri kuliko yote hupatikana siku hiyo, kwa sababu mzee akisikia maneno ya mwenzake wa kijiji cha pili husema, "Aa, huyo alikuwa mdogo, hakuona," kisha anakupa alichokuwa amekuficha.

Nakala moja mpe msimuliaji au mtoto wake. Nyingine ipeleke shuleni. Nyingine ipeleke Maktaba ya Mkoa, ikiwa na tarehe na mahali. Kama una uwezo wa nakala moja tu, iwe ya msimuliaji.